Mistari miwili: jinsi ya kujipima VVU kwa mate, na hatua za kuchukua ukishaiona

Kipimo cha kujipima VVU kwa mate hakitoi jibu la mwisho. Kikionesha mistari miwili kinakutuma kituoni ukahakikishe. Kikionesha mmoja kinakuuliza: mara ya mwisho kujiweka hatarini ilikuwa lini? Ukikielewa hivyo kitakufaa sana. Anayekichukulia kama hukumu ndiye anayekimbilia kwa mganga kabla hajathibitishwa, au anayetamba mtaani kuwa yu salama wakati alijipima siku ya nne baada ya kujiweka hatarini.

Hapa tunafuata utaratibu wa Tanzania. Novemba 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008, likaruhusu mtu kujipima mwenyewe na kushusha umri wa kupima bila idhini ya mzazi kutoka miaka 18 hadi 15. Vipimo hivi hupatikana kwenye vituo vya afya na kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na mara nyingine mama mjamzito hupewa kimoja kliniki ampelekee mwenza wake aliyekataa kuja.

Hesabu siku kwanza

Kipimo cha mate hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza baada ya kirusi kuingia, na askari hao huchukua wiki kadhaa kufikia idadi ya kuonekana. Ukilala na mtu Jumamosi na kujipima Jumatano utapata mstari mmoja, na mstari huo hauna habari yoyote ya Jumamosi. Unasema habari za miezi iliyopita. Kipindi hiki wataalamu wanakiita kipindi cha dirisha, na kwa kipimo cha mate kihesabu kuwa miezi mitatu kamili. Ndani ya kipindi hicho, hasa wiki ya pili hadi ya nne, mtu anaweza kupata homa, mafindofindo na vipele, akatibiwa malaria au taifodi, akapona. Virusi vinakuwa vingi sana mwilini wakati huo na anaambukiza kwa urahisi, huku kipimo kikisema hasi.

Kama tukio lina chini ya saa 72, achana na kipimo cha nyumbani. Nenda kituoni leo hii, usiku ukiwemo, ukaombe dawa za kuzuia maambukizi baada ya tukio. Zinamezwa siku 28 mfululizo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Aliyebakwa asiache saa hizo ziishe akihangaikia PF3, fomu ya polisi ya matibabu.

Na kama unameza ARV tayari, usijipime. Dawa zikikandamiza virusi, kingamwili nazo hupungua, na kipimo cha mate kinaweza kukuonesha hasi. Watu wameacha dawa kwa sababu ya mstari huo mmoja, wakidhani wamepona, kisha wakarudi hospitalini wamebebwa. Tahadhari hiyohiyo inamhusu anayetumia dawa za kujikinga na VVU: yeye apimwe na mtaalamu. Kipimo hiki hakifai pia kwa mtoto mchanga. Hadi miezi 18 mtoto anaweza kuwa bado ana kingamwili za mama yake, kwa hiyo kitampima mama, si mtoto.

Kupima kwenyewe

Usile, usinywe wala usitafune bigijii kwa dakika 15 kabla. Dawa ya meno na ya kusukutua zinahitaji dakika 30. Tafuta mwanga mzuri, meza isiyotikisika, na saa. Saa ya simu inatosha, ila tega kengele mbili: ya dakika 20 na ya dakika 40. Angalia tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye pakiti. Kipimo hutunzwa kati ya nyuzijoto 2 na 30, hivyo kilichoshinda juani kwenye bodaboda au kukaa mwezi mzima chini ya bati la Dodoma hakiaminiki hata kama tarehe haijafika.

Pakiti ina vyumba viwili. Cha kwanza kina kichupa chenye maji, cha pili kina kijiti cha kupimia chenye kitambaa bapa mwishoni. Fuata mpangilio huu, kwa sababu makosa mengi hutokea pale mtu anapoanza na kijiti kisha akahangaika kufungua kichupa huku mate yanakauka:

1. Fungua chumba cha kichupa. Ng'oa kifuniko taratibu, kichupa kikiwa wima, usimwage hata tone. Kiegemeze kwenye kishikilio chake. Maji hayo si ya kunywa.

2. Fungua chumba cha kijiti. Usiguse kitambaa bapa kwa kidole. Kipakiti kidogo cha kukausha unyevu kilichomo ndani kitupe, hakiliwi.

3. Bonyeza kitambaa kwenye ufizi wa juu, juu kidogo ya meno, upitishe mara moja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Fanya vivyo hivyo ufizi wa chini, mara moja. Usipake ulimi, usipake shavu, usitemee mate. Kinachotakiwa ni unyevu wa ufizi, maana huko ndiko kingamwili hupenyeza. Mate ya mdomoni kwa ujumla yanazo chache.

4. Tumbukiza kijiti kwenye kichupa, kitambaa kiguse chini, kidirisha cha majibu kikikutazama. Usikitoe tena hadi usome.

Ndani ya dakika chache utaona rangi ya waridi ikipanda kwenye kidirisha. Hapo watu hushtuka bure. Ni maji yanapita tu, na rangi hiyo itafifia. Usisome kabla ya dakika 20, usisome baada ya 40. Kabla ya 20 mstari wa pili unaweza kuwa bado haujajitokeza, na baada ya 40 majibu hayaaminiki tena. Aliyelala akaamka asubuhi na kuona mistari miwili hajui chochote. Arudie kwa kipimo kipya.

Vipo vipimo vingine vya kujitoboa kidole. Vinatumia damu na muda wake wa kusomwa ni mfupi zaidi, tena unatofautiana kwa kila aina. Soma karatasi ya ndani, usitumie dakika za kipimo cha mate.

Kusoma

Kwenye kidirisha pana herufi mbili, C na T. C ni mstari wa ukaguzi: unaonesha kwamba kipimo kimefanya kazi. T ndio wa VVU.

Mstari mmoja kwenye C: hasi, kama miezi mitatu imepita tangu hatari ya mwisho. Kama haijapita, weka tarehe kwenye simu na urudie. Kipimo hiki hukosea zaidi upande huu. Katika majaribio yaliyotangulia idhini yake ya Marekani mwaka 2012, kati ya watu wenye VVU waliojipima wenyewe, takriban mmoja kati ya 12 alipata hasi. Ndiyo maana mwenye dalili kama mkanda wa jeshi, utando mweupe mdomoni au kukonda asikokuelewa aende kituoni hata akiwa na mstari mmoja.

Mstari kwenye C na mwingine kwenye T: nenda ukathibitishe. Mstari wa T ukiwa hafifu mno, wa kutazama kwa kuinamisha kichwa na kusogea dirishani, bado ni mstari. Hakuna "chanya kidogo".

C haina mstari: kipimo kimeharibika, bila kujali T inasema nini. Chukua kingine.

Kutoka nyumbani kwenda kituoni

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na si kwa sababu ya ugonjwa. Wanakaa na jibu mfukoni. Miezi sita, mwaka, hadi kikohozi kianze.

Usiende na maneno mengi. Sema tu: "Nimejipima nyumbani, kimetoa mistari miwili, nataka kuhakikisha." Huhitaji kubeba kile kipimo, hakitatumika kama ushahidi. Mtoa huduma ataanza upya kwa damu ya kidole. Shirika la Afya Duniani limependekeza tangu 2019 kwamba mtu atangazwe kuwa na VVU baada ya vipimo vitatu vya aina tofauti kutoa chanya kwa kufuatana. Kipimo cha pili kikipingana na cha kwanza usikasirike wala usisherehekee. Vitarudiwa, na bado vikigongana utaambiwa urudi baada ya siku 14. Kabla ya kuanzishiwa dawa ni haki yako kupimwa upya kwa sampuli mpya, ikiwezekana na mtu mwingine. Makosa ya kuchanganya majina au chupa hutokea, na dawa hizi ni za maisha.

Jibu likithibitika utapelekwa CTC, kliniki ya tiba na matunzo, mara nyingi ndani ya kituo hichohicho. Utafunguliwa jalada, utapewa kadi na namba. Kuna kosa moja dogo linalogharimu sana: kutoa namba ya simu ya uongo kwa hofu ya kufahamika. Miezi sita baadaye majibu ya wingi wa virusi yanatoka mabaya na hakuna wa kukupata. Toa namba yako halisi, kisha sema wazi namna unavyotaka kupigiwa: saa ngapi, wajitambulishe vipi, wasiseme nini akipokea mtu mwingine. Hilo linaandikwa kwenye jalada. Kama hutaki kuonekana kituo cha mtaani kwako, unaruhusiwa kwenda cha kata nyingine. Piga tu hesabu ya nauli ya kila safari, kwa sababu nauli ndiyo inayowatoa watu kwenye dawa kuliko aibu.

Siku hiyo utaulizwa maswali manne: unakohoa, una homa, umepungua uzito, unatoka jasho usiku? Ni uchunguzi wa kifua kikuu. Jibu ukweli. Dawa za ARV huanzishwa siku hiyohiyo au ndani ya wiki, isipokuwa pakiwepo dalili za kifua kikuu au za homa ya uti wa mgongo, kama kichwa kuuma sana na shingo kukakamaa. Hapo hutangulizwa tiba ya ugonjwa huo, kwa sababu kinga inayoamka ghafla inaweza kuupandisha moto ugonjwa uliojificha. Damu itachukuliwa kupima CD4, yaani chembe za kinga za mwili, na ikiwa chini ya 200 utafanyiwa vipimo vya ziada, pamoja na kile cha mkojo cha kifua kikuu. Wengi hupewa pia dawa ya kuzuia kifua kikuu, na wenye kinga iliyoshuka hupewa Septrin, dawa ya kuzuia magonjwa nyemelezi.

Kidonge

Mtu mzima anayeanza sasa hupewa TLD, kidonge kimoja mara moja kwa siku. Ndani yake mna dawa tatu: tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50. Unaweza kukimeza na chakula au bila chakula. Hadithi kwamba ukikosa ugali mkubwa usimeze imewakosesha dozi watu wengi maskini, ipuuze.

Chagua saa inayofuata jambo unalolifanya kila siku bila kukosa, kama adhana ya alfajiri, taarifa ya habari ya saa mbili usiku au kufunga duka. Ukisahau, meza pale unapokumbuka siku hiyo, ukirudi kwenye saa yako kesho. Usimeze viwili kwa mpigo kufidia. Wiki za mwanzo unaweza kukosa usingizi au kuumwa kichwa. Kama usingizi ndio unaokusumbua, hamishia kidonge asubuhi. Wengine huongezeka uzito.

Yapo mambo ambayo TLD haielewani nayo, na hayasemwi vya kutosha kwenye dirisha la dawa:

Vidonge vya kuongeza damu, vya kalsiamu, na dawa za kiungulia zenye magnesi au aluminiamu huishika dolutegravir tumboni isifyonzwe. Mama mjamzito hupewa vyote viwili, TLD na vya kuongeza damu, na kwa kawaida anavimeza pamoja asubuhi kabla ya chai. Njia rahisi: TLD usiku, vya kuongeza damu mchana. Kanuni kamili ni kumeza TLD saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake. Vya madini ya chuma na kalsiamu unaweza kuvimeza pamoja na TLD endapo unakula chakula wakati huohuo. Dawa ya kiungulia hata chakula hakiisaidii, itenganishe.

Rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu, huifanya dolutegravir iishe haraka mwilini. Anayetibiwa kifua kikuu huongezewa kidonge cha dolutegravir cha miligramu 50 saa 12 baada ya TLD, na huendelea nacho wiki mbili baada ya kumaliza rifampisini. Ukipewa dawa za kifua kikuu bila nyongeza hiyo, uliza.

Anayemeza metformini kwa kisukari amwambie daktari, kwa kuwa dolutegravir huipandisha kwenye damu. Kwa kawaida dozi haivuki miligramu 1,000 kwa siku. Anayetumia karbamazepini kwa kifafa naye aseme.

Usiache dawa ghafla kwa sababu ya maombi, mitishamba au kujisikia vizuri. Mwaka 2011 foleni za magari zilijipanga kwenda Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba, na wapo walioacha ARV baada ya kunywa. Aliye na homa ya ini aina ya B ana sababu ya pili: tenofovir na lamivudine ndizo zinazoishikilia pia, na akiziacha ini linaweza kuwaka.

Sasa kopo. Linapiga kelele. Vidonge 30 kwenye kopo la plastiki ndani ya begi la mkononi, kwenye daladala, husikika kama njuga, na watu huvihamishia kwenye karatasi au mfuko wa rambo ili kuficha. Huko unyevu unaviharibu. Weka pamba safi ndani ya kopo kuziba nafasi, uache na kile kikaushio chake humohumo. Lebo unaweza kuibandua, lakini andika tarehe ya mwisho wa matumizi mahali. Kwa safari ya siku mbili tatu, hesabu vidonge vya siku hizo tu uvitie kwenye kikopo kidogo kinachofunga barabara.

Wingi wa virusi

Kipimo hiki ndicho kinachokuambia kama dawa inafanya kazi. CD4 haitoshi, na unene hausemi chochote. Hupimwa mwezi wa 6 tangu kuanza dawa, wa 12, kisha kila mwaka. Usisubiri kukumbushwa. Kila ukifika, uliza: "Majibu yangu ya wingi wa virusi yametoka? Ni namba ngapi?" Sampuli hupotea, majibu hukwama kwenye bahasha, na mteja asiyeuliza huambiwa "uko sawa" kwa mazoea.

Virusi visipogundulika kabisa, hakuna hatari ya kumwambukiza mwenza kwa kujamiiana. Ndiyo maana ya kauli ya "haigunduliki, haiambukizi." Kauli hiyo haihusu kaswende wala kisonono, wala haihusu kunyonyesha kwa uhakika uleule, mama anayenyonyesha afuatiliwe kwa karibu zaidi.

Namba ikivuka 1,000, dawa haibadilishwi papo hapo. Utaitwa kwenye vikao vya ufuasi wa dawa, kwa kawaida vitatu, kisha utapimwa tena. Mara nyingi sababu hupatikana kwenye vikao hivyo: mume hajui hivyo kidonge humezwa chooni kwa kuviziavizia, zamu za usiku, pombe ya mwisho wa juma, au vile vidonge vya kuongeza damu. Mshauri mzuri hahesabu vidonge kama polisi. Ukikutana na anayekufokea, omba kubadilishiwa.

Nani ajue, na nani akusaidie

Sheria ya 2008 inakataza kumpima mtu kwa nguvu na inamfunga mtoa huduma kutunza siri. Inamtaka pia aliyepata majibu amjulishe mwenza wake. Kama unahofia kipigo au kufukuzwa nyumbani, mwambie mshauri kabla hujamwambia mwenza. Ipo njia ya kuja wawili kupima kama vile ni mara ya kwanza, mkapokea majibu pamoja. Watoto wote ambao hujui hali yao wapimwe, hata mkubwa anayeonekana mzima.

Mtoto anayezaliwa na mama mwenye VVU huanza dawa ya kinga mara tu baada ya kuzaliwa, hupimwa kwa tone la damu kavu kwenye karatasi wiki ya 4 hadi ya 6, hunyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita, na hapewi jibu la mwisho hadi aachishwe kunyonya. Mama asikatize ufuatiliaji kwa sababu kipimo cha kwanza kilikuwa hasi.

Kwa msaada wa watu wanaojua, uliza CTC kama kuna WAVIU washauri. Hawa ni watu wanaoishi na VVU waliofunzwa, na mara nyingi wao ndio wanaojua muuguzi gani anawahi na siku gani foleni ni fupi. Wilayani zipo konga, mitandao ya WAVIU iliyo chini ya baraza lao la taifa, NACOPHA. Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyomo huko vimewasaidia watu kwenye nauli kuliko semina nyingi.

Ukishatulia, virusi vikiwa vimefubaa, omba dawa za miezi mitatu au sita badala ya kwenda kila mwezi. Ukihama mkoa, usiondoke kimya ukaenda kujiandikisha upya kama mgeni: utapimwa upya, utapoteza historia ya dawa zako, na kule ulikotoka utaandikwa mtoro. Omba barua ya uhamisho angalau wiki moja kabla. Ukiwa umeondoka ghafla, msiba kwa mfano, ingia CTC yoyote na kadi yako au picha yake kwenye simu, ueleze ni siku ngapi zimebaki kwenye kopo.